Joto la Ukutani

Nianze na bukwe, yaani ukwe, maana bila bukwe mambo haya yangebaki kuwa habari ya nyaya na vumbi tu. Kwetu sisi, watu wa Katanga ya kaskazini, mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mkono, na mmoja akimwona mwingine anakuja, anaugeukia ukuta na kuuchunguza kana kwamba anataka kuununua. Si chuki, ni heshima iliyozidi kipimo. Kuna namna ya kuimaliza: mkwe anampelekea mama kuku, kuku anapokelewa, haya zinakwisha, na kuanzia hapo wanasalimiana kama watu wengine. Kuku huyo mimi sikumpeleka. Kwanza, alipaswa kwenda kwao mama mkwe, kaskazini, kwa treni, na treni yetu wote tunaijua. Pili, na hii ndiyo ya kweli, mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda sokoni tu narudi nimechoka kama aliyevuka mpaka, na nusu ya vitu nilivyotumwa nimevisahau. Mke wangu huwaambia wageni kwamba wakati wa kuhamia alinikuta tayari ndani ya nyumba, pamoja na viti.

Kazi yangu inaruhusu uvivu huo. Nilimaliza sekondari, sehemu ya umeme, na tangu hapo ninatengeneza simu na radio za watu kwenye meza ya barazani. Babu yangu alichimba shaba. Baba yangu alichimba shaba. Kwa hiyo binamu yangu alipopitisha mpakani Kasumbalesa mashine ya kuchimba sarafu za mtandao, ameifunga kwa blanketi katikati ya magunia ya unga kama mtoto mwenye homa, nilijiambia kwamba damu imeita. Nami nitachimba, ila nitachimba nimevaa kandambili.

Asiyeijua mashine hiyo afikirie boksi la chuma linaloweza kukaa mapajani, vantilateri, yaani feni, mbili mbele, mbili nyuma, na ndani mabamba matatu yaliyojaa vidude vinavyopiga hesabu bila kupumzika. Kwa hesabu hizo unalipwa sarafu ambazo huwezi kuzishika wala kuzidondosha. Inakula umeme kwa pupa, na inatoa joto kama tanuri la mkate. Kelele yake ilileta mlangoni wamama wa jirani na mabeseni ya mahindi kichwani, wakidhani nimefungua kinu. Nilipowaambia hakuna kinu waliondoka wamenuna, na mmoja wao mpaka leo anaamini nilimkatalia yeye peke yake.

"Babu yako alikuwa anarudia na udongo ku viatu," mke wangu aliniambia. "Weye muchimbaji wa mu depo, unarudiaka na nini?"

Nilimjibu kwamba ninarudi na maendeleo. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Depo ni kile chumba kidogo cha nyuma tunachowekea makaa na unga, hakina dirisha. Watu wa Golf, mtaa wa matajiri, wana klimatizeri ya kupoza hewa. Mimi nilikuwa na patasi. Nilitoa matofali mawili chini ya ukuta unaotenganisha depo na chumba cha watoto. Hewa ya baridi ikawa inaingia kwa mlango wa depo kutoka uani, inapita ndani ya mashine, inatoka kwenye tundu ikiwa moto, inavuka chumba cha watoto na kuishia dirishani, dirisha ambalo wale watoto hawajawahi kulifunga tangu wazaliwe. Umeme niliuvuta kutoka kwenye prizi ya chumba hichohicho, kwa kuwa ilikuwa karibu na mimi sikutaka kuhangaika. Nilisimama uani nikajitazama kama injinia.

Halafu nikaanza kuipusha. Kuipusha ni kuilazimisha ikimbie kuliko alivyopanga aliyeitengeneza. Unaingia kwa simu, unapandisha mwendo kidogo, unapandisha umeme kidogo, unasubiri uone kama namba za joto zitabaki kijani. Zikibaki, unapandisha tena. Ni ugonjwa. Mtu anaanza kama mlezi, anamaliza kama mwenye punda. Mashine ina akili ya kujizima yenyewe joto likizidi. Akili hiyo niliifuta, kwa sababu niliona inaniingilia.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kiangazi, majira yetu makavu, kilipoleta ile baridi ya Lubumbashi inayoingia kwenye mifupa, na pamoja nayo mama mkwe. Alikuja hospitali kwa ajili ya magoti. Kwao kaskazini ni joto mwaka mzima. Hapa alishuka kutoka kwenye treni amevaa vitenge viwili na sweta ya kuazima. Tulimpa chumba cha watoto, watoto wakahamia saloni, yaani sebuleni. Mke wangu aliniuliza habari ya tundu. Nilisema liachwe, halina shida, nikaweka wavu wa waya ili panya wasipite, kisha nikatoka chumbani humo nikijua kwamba sitaingia tena mpaka mgeni aondoke. Mkwe kuingia chumba anacholala mama wa mke wake ni jambo ambalo kwetu halina hata jina.

Tuliishi tukikwepana kama magari mawili kwenye daraja jembamba. Mke wangu alikuwa mjumbe wetu. Akiwa kazini, maana anafundisha shule ya msingi, mama alikuwa na njia yake. Aliketi uani kwenye kigoda karibu na mbabula, lile jiko la makaa, akasema nalo.

"Mbabula," angesema, mgongo kwangu, "chumvi imeisha. Kama kuko muntu anasikia, asikie."

Na mimi, pale barazani, ningeinuka bila neno kwenda kutafuta chumvi. Sikuwahi kutumwa na mbabula kabla ya mwaka huo, na lazima niseme ilinituma vizuri kuliko mke wangu, kwa sababu sikuthubutu kusahau.

Matatizo yalianza wiki hiyohiyo. Asubuhi mashine ilikwenda sawa. Jua likianza kulegea, namba zote zilikuwa nyekundu, na kwa kuwa nilikuwa nimeifutia akili yake, ilibidi niwe mimi ninayekaa depo juu ya makaa na simu mkononi, nizime, nisubiri ipoe, niwashe tena. Hapo likaja tatizo la pili: nikiwasha, haikubali. Inanguruma, inapiga mlio mmoja kama mtu anayekohoa kanisani, inazima. Nilipima mwisho wa waya, upande wa depo, nikakuta umeme umeshuka vibaya. Nilisema ni vumbi. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia hata kwenye ndoto. Nilipakia mashine kwenye toroli mpaka kwa kwado, yule mtu wa tairi, akaipuliza kwa upepo wake mbele ya watu. Aliniuliza ni ya gari gani. Nikasema ya gari la mbali.

Haikuwa vumbi. Nilifungua mabamba, nikafuta mafuta ya kupozea yaliyokauka, nikapaka mapya. Haikuwa mafuta. Nikasema ni kabini, ile transifoma ya mtaa, kwa sababu katika mji huu mtu asiyelaumu kabini wakati wa magharibi haonekani kuwa mzima. Nilisimama na majirani kwenye kona, tukailaumu pamoja, nilijisikia vizuri sana, nikarudi nikakuta bado haiwaki. Nikasema basi ni waya. Nilinunua waya mnene, nikaukata mwisho wake kuufunga, na chini ya rangi ile nzuri ya shaba ikatokea alumini nyeupe. Mjukuu wa mchimba shaba, mjini ambako hata barabara ina vumbi la shaba, nimeuziwa shaba ya kupakwa. Waya huo nilimficha mke wangu. Aliuona. Alinishauri siku nyingine niende na mama yake.

Kupunguza mwendo, jambo ambalo mwenye akili yeyote angeanza nalo, halikunijia kichwani. Ningepunguzaje? Nilikuwa nimepandisha.

Jumapili moja baada ya misa walikuja wamama wa parokia kumsalimia mama mkwe. Sikujua kama wanakuja. Nilikuwa nimejifungia depo, nimevaa kaptula ya zamani na singleti yenye tundu tumboni, mashine iko wazi na vantilateri moja mapajani, nikisikia sauti zao zinaingia chumba cha pili, viti vinavutwa, mtu anasema tuikale chini tu, kwenye mkeka. Kutoka wakati huo nilikuwa nimekwama. Kutoka depo ni kupita uani, na wengine bado wanaingia. Nilibaki nimechuchumaa, na kwa kuwa tundu lilikuwa usawa wa uso wangu, nikatazama. Sikumtazama mama, Mungu ananijua. Niliona miguu, kandambili za Jumapili, pindo za vitenge. Na zaidi ya miguu nikaona chumba.

Dirisha limefungwa, blanketi limetundikwa juu yake. Chini ya mlango kumesukumwa gunia. Na kwenye prizi, ile prizi yangu, kuna resho, jiko la umeme la waya, waya zake nyekundu kama macho ya mlevi, birika juu yake.

Nilielewa yote kwa mara moja, na kuelewa kitu hakujawahi kuniuma namna hiyo. Mashine yangu ilikuwa inapuliza joto ndani ya chumba kisicho na pa kutokea, joto linarudi palepale lilipotoka. Nikiizima ipoe, mama anasikia baridi, anawasha resho. Resho inashusha umeme, mimi nashindwa kuwasha. Nisipowasha, baridi haiishi, resho haizimwi. Tulikuwa tumeshindana hivyo tangu alipofika, mimi na bibi wa watu, kupitia matofali mawili, kwa adabu kubwa. Kwa kwado nilifika, sokoni nilifika, kabini niliitukana, na jibu lilikuwa kwenye chumba kimoja tu duniani ambacho siruhusiwi kukitazama.

Hapo mama mmoja wa parokia akauliza, kwa sauti ile ya kuuliza kitu ambacho kimeshaulizwa nyuma ya mgongo: "Na kuku, mama? Mukwe alikuletea kuku?"

Niliweka kiganja juu ya tundu la singleti.

"Kuku njo nini?" mama mkwe alisema. "Kuku unakula, inaisha. Ye alinitobolea kibambazi."

Akaanza kusimulia. Alivyofika na magoti yaliyokataa kukunjika. Mkwe wake hakusema kitu, alitoa matofali kimyakimya, akamtilia joto ukutani. "Kila mangaribi eko kule nyuma, anapuliza," alisema. "Miye minalala, ye anapuliza. Bakwe ngapi banafanya vile?"

Wamama waliguna ule mguno wa kusifu. Nikatazama mikono yangu: makaa, mafuta ya kupozea, bisibisi. Sijawahi kusifiwa na watu wengi hivyo, na nilitamani ukuta uwe na matofali mawili zaidi, nijifukie.

Mama mwingine akasema basi na wao waguse. Walisogea. Viganja vikaja ukutani, vingine mbele ya tundu, na mimi nikarudi nyuma kwenye makaa. Ukuta ulikuwa baridi kama kaburi. Vantilateri ya mashine bado ilikuwa mapajani mwangu.

"Mama, ile joto leo ilienda Kasumbalesa?" alisema yule wa kuku, na wengine wakacheka, kicheko cha heshima lakini kicheko.

"Mungoje," mama mkwe alisema. "Itakuya."

Alilisema polepole. Nilisikia katika neno lile mtu mzima anayejua kwamba Jumapili ijayo kwenye misa atakuwa yule mama aliyeongopa kuhusu mkwe wake, mkwe asiyeleta kuku wala joto. Nikaanza kuifunga mashine. Skrubu moja iliangukia kwenye makaa, nikaiacha. Nilisukuma nyaya, nikawasha. Ikakohoa, ikazima. Resho.

Mke wangu alipita mlangoni mwa depo na sinia ya glasi. Nilimvuta kitenge. Nikamwomba akazime resho.

"Enda weye mwenyewe," alininong'oneza, amefurahi kupita kiasi. "Si njo weye mukwe muzuri? Bamama benyewe banakutafuta."

Nikamwambia tafadhali. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini aliacha kucheka. Aliingia ndani, nikamsikia akisema birika linachelewa, analipeleka kwenye mbabula, na miguu yake ikaenda prizini.

Nikawasha. Ikakubali. Kwa mwendo wake wa kawaida ingechukua muda mrefu kutoa joto la kutosha kuonekana mbele ya wamama wanaosubiri, kwa hiyo nilifungua simu nikaipandisha mpaka mahali ambapo sikuwahi kuipeleka hata siku za ugonjwa wangu. Vantilateri zikapiga kelele. Kwanza hewa ya kawaida, halafu ya vuguvugu, halafu nikasikia kutoka upande wa pili: "Eee." Na mwingine: "Jamani, iko kweli." Walisogea karibu zaidi, wakageuza migongo, wakaipa joto viuno vyao, na tundu lote likafunikwa na vitenge vya Jumapili.

Namba zilikuwa njano, zikawa nyekundu. Ningeweza kuzima. Kidole kilikuwa pale. Ndipo mmoja akasema tumshukuru Mungu kwa mkwe huyu, na sala ikaanza. Wanaojua wamama wa parokia wanajua kwamba sala ya namna hiyo haianzi na kuisha mahali pamoja. Ilipita kwa Bikira Maria, ikapita kwa wagonjwa, ikapita kwa wachimbaji wa Kambove wanaoingia ardhini bila kitu, na kwangu mimi, mtoto wa watu, mwenye moyo wa kujinyima. Niliushika mlango wa depo nikasubiri amina kama mtu anayesubiri basi. Bamba la katikati lilikufa kabla ya amina. Lilitoa mlio mdogo, kama punje ya mahindi kwenye kikaango, na harufu.

Walisema amina. Nilizima. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kunielekezea neno hata moja maishani mwake, aliinama kidogo upande wa tundu.

"Mbabula," alisema chini, na mbabula ilikuwa uani mbali kabisa, "muambie ule muntu apumuzike. Inatosha."

Walipoondoka, mke wangu alinikuta bado nimekaa kwenye makaa. Aliniambia ana ujumbe. Mama amesema joto lile ndilo kuku. Amelipokea mbele ya mashahidi, haya zimekwisha, kuanzia sasa naweza kumsalimia.

Nikasema haiwezekani. Nikamweleza kwamba joto lile halikuwa la mama, lilikuwa takataka ya mashine, nililitupa mahali palipokuwa wazi na yeye akawekwa hapo kwa bahati. Ni lazima aambiwe.

"Anajua," mke wangu alisema.

"Anajua nini?" niliuliza.

"Papa yangu alikuwa chauffeur wa lokomotive ya treni, weye. Mama hajue joto ya masini? Siku ya kwanza aliniuliza unaweka nini mule. Nikamuambia."

"Na ye akasema nini?"

"Akasema, ikuwe ya masini, ikuwe ya muntu, inafika ku magoti yangu." Mke wangu alitazama bamba lililoungua, akaligusa kwa kidole, akakifuta kwenye kitenge chake. "Kila dimanche ku misa ile bamama banamuuliza kuku. Kila dimanche. Alichoka kukunyamazia."

Hapo ndipo nilipoona aibu yenyewe. Ile ya kwanza, ya kusifiwa bure, ilikuwa aibu ya mtoto. Mimi nilidhani nimeunguza bamba ili neno la mama lisianguke. Kumbe neno lenyewe alikuwa amelisimamisha ili mimi nisianguke. Alikuwa amelala kwenye joto langu la kutupa, akalishona likawa vazi, akanivalisha mbele ya parokia, na mimi nyuma ya ukuta na singleti yenye tundu.

Mashine ina mabamba mawili sasa. Nilirudisha mwendo wake chini, pale alipoupanga aliyeitengeneza, nikairudishia na akili yake ya kujizima, na resho ikapata waya wake, wa shaba kweli. Niliukwangua dukani mbele ya muuzaji. Dirisha linabaki wazi upana wa kiganja. Namba hazijawa nyekundu tena. Ukuta unapata vuguvugu la kutosha magoti, halitoshi kushangaza wageni.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Jumapili ile ilibaki kusalimia. Nilinawa, nikatoka uani. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mbabula, anageuza mahindi ya kuchoma. Hakuugeukia ukuta. Aliinua uso akanitazama, macho ya mtu wa kawaida, ya kahawia, yamechoka kidogo. Nilikuwa nimepanga maneno. Miaka yote ile nilikuwa nimekatazwa kumtazama, na sasa nimeruhusiwa, sikuweza. Nilitazama makaa.

"Mbabula," nilisema, "muambie mama, kuku atakuya."

Nilisikia akicheka puani, kama mke wangu anavyocheka; sikuwahi kujua kwamba kicheko kile kilitoka kwake. Aligeuza hindi moja, akalipulizia majivu.

"Mbabula," alijibu, "muambie minasikia. Na avale shati."